Mtoto wa Jicho Katika Jicho Lisilopona

Liko swali ambalo mtu akilitazama juu juu hulidhani ni la madaktari peke yao, kumbe latuhusu sote. Mgonjwa ana ugonjwa wa macho aliourithi kwa wazazi, ugonjwa unaomnyang'anya nuru kidogo kidogo, wala haujapatiwa dawa. Juu ya ugonjwa huo humjia mwingine, yaani mtoto wa jicho, ambao tiba yake yajulikana na ni ya hakika. Je, ni haki kumpasua mtu huyo ili aondolewe ugonjwa mdogo, hali twajua kwamba ule mkubwa utabaki ndani na mwishowe utaimaliza kazi yake? Wako wanaojibu upesi kwamba ni haki. Wako pia wanaojibu kwa upesi ule ule kwamba huko ni kumsumbua mtu bure na kumnyima mwingine nafasi. Sisi twaona kwamba wote wamefanya haraka, na twawaomba wasomaji wetu waandamane nasi polepole.

Kwanza tuelewane juu ya mambo yenyewe. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi, kioo cha asili ambacho kazi yake ni kuukusanya mwanga. Nyuma kabisa mna retina, utando mwembamba unaoupokea mwanga huo na kuupeleka ubongoni. Lenzi ikiingiwa na ukungu, huo ndio mtoto wa jicho. Wanyarwanda huuita ishaza, neno lile lile walitumialo kwa punje ya njegere. Walimu wenzetu watatambua jambo hapa: katika lugha zote mbili ugonjwa umepewa sura ya kitu kidogo kilichokaa mahali pasipo pake, na ambacho kikiondolewa mambo yatatengenea. Jina limekwisha kuahidi kupona kabla daktari hajafungua kinywa chake.

Kwa mzee wa miaka sabini ambaye retina yake ni nzima, ahadi hiyo aghalabu hutimizwa. Tangu Harold Ridley alipotia lenzi ya kutengenezwa katika jicho la mgonjwa huko London mwaka 1949, ufundi huo umeendelea hata leo upasuaji wenyewe huchukua muda usiozidi nusu saa, na mgonjwa hurudi kwake akiwaona wajukuu. Habari ya ugonjwa wa kurithi ni tofauti. Tuuchukue ule ambao madaktari wanauita retinitisi pigmentosa, unaokadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 4,000. Huanza na giza la jioni. Mtoto aliyecheza na wenzake vizuri mchana kutwa, jua likishatua hujikwaa penye vigoda na ndoo, naye huambiwa ni mzembe. Miaka ikipita, upeo wake wa kuona husinyaa kutoka pembezoni kuja katikati, hata akifika utu uzima huutazama ulimwengu kama mtu anayechungulia katika bomba la jani la mpapai. Lakini kile kitundu cha katikati huweza kudumu miaka mingi sana, na mtu huweza kukitumia kusoma, kushona, kuhesabu fedha na kuzitambua nyuso za watu wake.

Basi mtoto wa jicho anayewapata watu hawa ana tabia ya pekee. Huwajia mapema, wengine wakiwa hawajatimiza miaka arobaini, naye hukaa nyuma ya lenzi, katikati hasa, yaani mbele ya kile kitundu kilichobaki. Kwa mtu mwenye retina nzima ukungu mdogo kama huo ungekuwa kero tu, maana angeona kwa pembeni. Huyu hana pembeni. Jua likiwaka, mboni hujibana, mwanga wote ukalazimika kupita penye ukungu, na kiwi cha macho humfanya asione kitu mahali ambapo wenzake wanaona vizuri zaidi. Usiku haoni kwa sababu ya retina, na mchana haoni kwa sababu ya lenzi.

Tumfikirie mwalimu wa miaka 38 aliye katika hali hiyo. Ameyazoea mazingira ya shule yake, anajua darasa lina hatua ngapi kutoka mlangoni hadi ubaoni, na madaftari husahihisha mwenyewe kwa kuyasogeza karibu na dirisha. Sasa dirisha limekuwa adui. Akifanyiwa upasuaji huenda akasoma tena kwa miaka mitano, kumi, au zaidi. Hakuna awezaye kumwambia kwa hakika. Lililo hakika ni kwamba ugonjwa wa retina haukuguswa.

Anayetaka kujua kama upasuaji huo una faida atauliza faida hupimwa kwa kipimo gani. Mwaka 1998 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba katika kila macho 100 yaliyopasuliwa mtoto wa jicho, yasiyopungua 80 yafikie kiwango cha 6/18 au bora zaidi, na yale yatakayobaki chini ya 6/60 yasizidi 5. Maana ya 6/18 ni kwamba mtu akiwa umbali wa mita 6 huyasoma maandishi ambayo jicho zima lingeyasoma kutoka mita 18. Shauri hilo lilikuwa jema, nasi hatulilaumu, kwani palikuwa na haja ya kuwazuia wapasuaji wasijisifu kwa wingi wa macho waliyoyafungua huku wakisahau ni mangapi yaliona. Hata hivyo, tumpeleke mwalimu wetu penye kipimo hicho. Aliingia hospitali akiwa na 6/60, akatoka na 6/24. Anasoma madaftari. Anatembea mchana bila kuukinga uso kwa mkono. Katika daftari la hospitali, yeye hakuufikia ule uoni ulio mwema. Mganga mkuu ambaye fedha za mwaka ujao zinategemea hesabu hiyo atashawishika, hata bila ya ubaya wa moyo, kuwakwepa wagonjwa wa namna yake.

Na kipimo hicho chaweza kukosea kwa upande wa pili. Kwa taratibu za shirika lilo hilo, mtu ambaye upeo wake wa kuona hauzidi nyuzi 10 kuzunguka mahali anapotazama huhesabiwa kuwa kipofu, hata kama husoma mstari wa mwisho wa chati. Kwa hiyo yupo duniani mtu asomaye gazeti ilhali kwa sheria ni kipofu, na huyo si mjanja anayetafuta msaada asiostahili. Mpe gazeti atalisoma, mwambie avuke barabara ya Kigali saa kumi na mbili jioni utaona shida yake. Chati hupima jicho, lakini aliyepasuliwa ni mtu mwenye kazi na mazoea yake, ana njia zake anazozipita na watu anaopenda kuziona nyuso zao. Twadhani swali la kumwuliza kabla ya upasuaji ni hili: kitu gani ambacho mwaka jana ulikifanya kwa macho, na leo huwezi? Akijibu kwamba alikuwa akisoma, pana jambo la kutazamia. Akijibu kwamba alikuwa akiendesha baiskeli usiku, hapana kisu kitakachomrudishia baiskeli.

Hapa mpinzani wetu anayo hoja nzito, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Kwa karne nyingi, India, Uarabuni na Afrika, walikuwapo waganga waliotibu mtoto wa jicho kwa sindano: waliisukuma lenzi yenye ukungu ikaangukia ndani ya jicho, mwanga ukapita. (Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Cairo yapata mwaka 1000, aliandika habari za sindano yenye tundu ya kuufyonza ukungu badala ya kuusukuma, na huko Ufaransa Jacques Daviel alianza kuitoa lenzi nje ya jicho mwaka 1747.) Mgonjwa wa sindano huona vidole siku ile ile, hulipa, na mganga huenda zake. Baada ya majuma au miezi jicho huvimba, au presha yake hupanda, na wengi hupofuka kabisa wakati mganga yuko mji wa tatu. Katika sehemu za Afrika ya Magharibi desturi hiyo bado haijatoweka. Mpinzani wetu husema: je, daktari wa leo anayempasua mtu ambaye retina yake inakufa, hafanyi jambo lile lile? Naye pia anauza mwanga wa siku chache.

Twajibu kwamba muda peke yake haukuwa kosa la mganga wa sindano. Mzee wa miaka 80 akipasuliwa huenda akaishi miaka minne tu, wala hatujapata kusikia mtu akiuliza kama inafaa. Twauliza juu ya mwalimu kwa sababu mwisho wake waonekana, umeandikwa ndani ya retina yake, ilhali mwisho wa mzee tumefichwa. Kujua mwisho wa jambo hakuupunguzi wema wake wakati linapodumu. Mganga wa sindano alikosea kwa mambo mawili mengine: tiba yake ndiyo iliyoleta upofu, na hakumwambia mgonjwa. Daktari anaepukana na kosa la kwanza kwa ufundi wake. Asijidanganye, lakini, kwamba hatari hazipo, maana katika macho haya nyuzi zinazoishikilia lenzi mara nyingi ni dhaifu, mfuko wa lenzi huweza kusinyaa na kuingia ukungu upya, na retina huweza kuvimba maji katikati, mahali pale pale tunapopategemea. Kosa la pili laepukwa kwa kusema kweli, na kweli ya namna hii si rahisi kusemeka.

Jambo hilo latuhusu sana sisi walimu wa Kiswahili katika nchi hizi za jirani. Nchini Rwanda Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi tangu 2017, lakini katika chumba cha daktari lugha ni nyingi kuliko viti. Daktari husema kwa Kiingereza au Kifaransa kwamba upo uwezekano wa nafuu kidogo katika sehemu ya kati ya upeo wa kuona. Muuguzi huyageuza maneno hayo kwa Kinyarwanda, au kwa Kiswahili ikiwa mgonjwa ametoka Goma au Bukavu, na baada ya safari yote hiyo mgonjwa husikia neno moja: utaona. Neno hilo ni kweli na ni uongo kwa wakati mmoja. Siku bandeji inapofunguliwa, mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mwenye retina nzima, anatunga uzi katika sindano. Mwalimu wetu naye ameambiwa ataona. Atafikiri nini? Kwamba daktari ameliharibu jicho lake. Kwamba hakutoa fedha za kutosha. Kwamba kuna mtu kwao hapendi apone. Na miaka saba baadaye, ugonjwa wa retina utakapokuwa umesonga mbele kwa mwendo wake wenyewe, ataulaumu upasuaji, na atawaambia jirani zake wenye mtoto wa jicho wa kawaida wasikubali kupasuliwa. Hivyo neno moja lililolegea huweza kuwapofusha hata wasiomo katika habari hii.

Kiswahili hakikosi maneno ya kufanyia kazi hiyo. Tunalo neno uoni hafifu, ambalo linakaa vyema baina ya kuona na upofu, ingawa vitabu vingi vya shule vingali vikiwagawa watu makundi mawili tu, wenye macho na vipofu. Tunalo kiwi, tunalo upeo. Muuguzi aweza kusema: Ukungu utaondoka. Kiwi kitapungua. Usiku utabaki kama ulivyo. Njia unayoionea haitapanuka, na huenda miaka ikipita ikazidi kuwa nyembamba. Hilo likitokea, halikuletwa na kisu. Sentensi hizo chache mtoto wa darasa la tano angezielewa. Ugumu wake ni kwamba zinamtaka msemaji avumilie kumwona mgonjwa akikunja uso, ambapo neno utaona lingemfanya atabasamu.

Mgonjwa akizisikia na bado akataka kupasuliwa, nani wa kumkataza? Wapo wanaotaja foleni. Kusini mwa Sahara madaktari bingwa wa macho hawafiki wanne kwa kila watu milioni moja, na ulimwenguni watu zaidi ya milioni 15 ni vipofu kwa mtoto wa jicho tu. Mahali kama Kabgayi, ambako Wanyarwanda huenda kutibiwa macho kutoka pande zote za nchi, nafasi aliyopewa mmoja ameikosa mwingine. Lakini tuifanye hesabu kabla ya kuogopa. Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2. Ikiwa uwiano wa mmoja katika 4,000 ndio ulioko huko, wagonjwa wa retina hii ni watu 3,300 hivi nchi nzima, wazee kwa watoto, nao si wote wenye mtoto wa jicho, wala hawatakuja mwaka mmoja. Kuwafukuza hakutafupisha foleni kwa kiasi cha kuonekana. Wengine huwatetea kwa kusema kwamba ni watu wa umri wa kazi wenye watoto wa kulisha, na hiyo ni kweli, ila sisi hatupendi kuitegemea hoja hiyo, kwani siku itakapomjia ajuza asiyelisha mtu, hoja hiyo hiyo itamtoa nje. Twaridhika na hoja ndogo zaidi: amekuja na haja ambayo tiba iliyopo yaweza kuipunguza, kama wengine wote waliomo katika foleni ile.

Hatusemi kwamba kila jicho la kurithi lipasuliwe. Wapo waliozaliwa wakikosa lile pazia la rangi linaloizunguka mboni, hali iitwayo aniridia, ambayo ni adimu kuliko hiyo tuliyoieleza. Wengi wao hupata mtoto wa jicho pia. Lakini kwao kioo cha mbele cha jicho ni dhaifu, presha ya jicho huwa tishio la siku zote, na upasuaji wenyewe huweza kuamsha makovu ndani ya jicho yakaivuta lenzi mpya kutoka mahali pake. Kwa mtu kama huyo kungoja huweza kuwa ndiyo tiba, na daktari anayesema tungoje hajamtupa mgonjwa. Kinachotakiwa ni kwamba aseme kwa nini, na aendelee kumwita.

Kungoja kwa namna nyingine kwatutia shaka. Desemba 2017 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kutia jeni nzima ndani ya retina ya mgonjwa. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili, nayo inawafaa wale tu ambao ugonjwa wao umetokana na jeni moja iitwayo RPE65, ilhali jeni zinazoweza kuuleta ugonjwa wa retina wa namna hii ni makumi kwa makumi. Mgonjwa akisikia redioni kwamba upofu wa kurithi umepata dawa, aweza kuukataa upasuaji wa lenzi akingojea ile kubwa, na miaka yake ya kusoma ikapita. Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema wazee, nao hawakuwa wamesikia habari za jeni.

Limebaki jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo gumu kuliko yote. Mara nyingine ukungu wa lenzi huwa mzito hata daktari asiweze kuiona retina iliyo nyuma yake. Ndiyo maana daktari mwangalifu humwuliza kijana mwenye mtoto wa jicho maswali mawili yasiyo na gharama: utotoni ulikuwa ukiona usiku? Na katika ukoo wenu yuko mwingine? Kwa maswali hayo mtu aliyekuja kwa ajili ya punje ya njegere huondoka akiwa na habari ya ukoo mzima. Ikiwa ugonjwa umetoka kwa baba na mama pamoja, ambao wenyewe hawaugui, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuupata. Dada asiyeugua ana nafasi mbili katika tatu za kuibeba jeni hiyo kimya kimya. Akiolewa na mtu baki hatari kwa watoto wake ni ndogo sana, lakini akiolewa na ndugu wa ukoo hatari yapanda. Ikiwa ugonjwa unapitia kwa mama, basi dada aliyerithi jeni hiyo, hata akiolewa na mtu wa bara lingine, kila mwana wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua. Na katika hospitali nyingi za kwetu hakuna mashine ya kumwambia daktari ni njia ipi kati ya hizo.

Tuseme dada wa mwalimu wetu ameposwa. Siri ni ya kaka, na haja ya kuijua ni ya dada. Wapo wasemao daktari amwandikie dada, kwa kuwa watoto ambao hawajazaliwa hawana mtetezi mwingine. Sisi hatuwezi kufika huko. Mgonjwa aliyekuja kuondolewa ukungu, akasikia baadaye kwamba habari zake zimefika kwa wakwe watarajiwa, hatarudi tena, wala ndugu yake yeyote hatakuja. Tena barua hiyo ingetaja hatari ambayo daktari mwenyewe hajui ukubwa wake, na katika nyumba nyingi lawama yote ingemwangukia mama. Lakini kunyamaza kabisa kwa kisingizio cha siri nako ni kuutua mzigo na kuondoka. Daktari aweza kumweleza kaka yale yanayojulikana na yasiyojulikana kwa maneno anayoweza kuyachukua hadi nyumbani bila kuyamwaga njiani, akaongeza kwamba dada akipenda kuja, peke yake au pamoja na mchumba wake, atapokewa na kupimwa uoni wa usiku bila kuulizwa nani kamtuma. Inafaa yasemwe kabla ya upasuaji, wakati mgonjwa hajajua bado kama amepona au hakupona, na dada yake ndiye aliyemshika mkono kumleta, amekaa nje kwenye benchi akisubiri.